Baba Hakuja Kuchimba

Kwetu mtu akifa, kila nyumba hutoa mwanamume mmoja wa kuchimba kaburi. Haijaandikwa popote. Filimbi inapigwa, watu wanasikia, wanachukua majembe na sururu na kwenda kwenye mji wa msiba. Anayekwenda ni mwenye nyumba. Kijana ambaye hajaoa anaweza kuchimba mpaka viganja vichubuke, lakini jasho lake litahesabiwa upande wa vijana, na nyumba ya baba yake itabaki haijafika. Nyumba isiyofika inaulizwa. Ikiulizwa ikakosa jibu, inaachwa. Kuachwa maana yake hupewi moto asubuhi, hulimiwi shamba, na siku ukifiwa utachimba mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi kwa sauti. Mtu asiyefika kaburini anadhaniwa anajua zaidi ya wengine kilichomuua marehemu.

Baba yangu alikosa kaburi la bibi wa jirani, na kabla watu hawajasahau, akakosa jingine. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba miaka michache nyuma, nipo tu nyumbani. Sikuwa mtu wa kuongea. Hata sasa ninapoyaandika haya ninaandika pole pole, kwa sababu vidole viwili vya mkono wangu wa kulia havisikii vizuri kalamu.

Baba alikuwa karani wa mizani wa chama cha ushirika. Kituo cha kununulia pamba kilikuwa kando ya barabara inayotoka Bariadi mjini, ghala moja la bati na kivuli cha kupangia foleni. Msimu ukifika watu walileta pamba kwa mikokoteni, kwa baiskeli, kichwani. Baba alisimama kwenye mizani, akasukuma kile kijiwe cha chuma kwa kidole kimoja, akasubiri mkono wa mizani utulie. Watu wote walikitazama kidole hicho. Ukitulia alitaja uzito kwa sauti ambayo nyumbani hakuitumia kabisa. Nyumbani alikuwa mpole, karibu bubu. Nadhani nilimrithi huko.

Halafu soko likafunguliwa. Redioni walisema soko huria. Kijijini lilifika kama malori. Malori yalikuja na mizani yao na wapimaji wao, vijana wa kofia wanaopima huku wanatafuna miwa. Yalinunua haraka na kuondoka. Watu walifurahi mwanzoni, hata baba alisema labda ni vizuri. Chama kikaanza kuchelewa kununua, kikawa kinanunua nusu ya msimu, kisha ghala likafungwa na mbuzi wakawa wanalala barazani pake. Hakuna aliyemfukuza baba kazi. Ilifika siku hakukuwa na mahali pa kwenda.

Vingine viliondoka pamoja na chama bila kelele. Mabomba ya kupulizia dawa ambayo tulikuwa tunaazimwa yaliharibika na hayakuletwa mengine. Glavu ziliisha. Bwana shamba aliyekuwa akija kwa pikipiki alihamishwa, hatukuona wa kuziba nafasi yake. Josho la ng'ombe lilikauka, likaota majani, watoto wakawa wanacheza humo. Ng'ombe wetu walikufa kwa ndigana kali, mmoja baada ya mwingine, hadi akabaki ndama mmoja ambaye baba mdogo alimchukua kumpeleka Mwandoya kabla naye hajafa. Naye alifia huko huko Mwandoya.

Pamba yenyewe ilibaki, na wadudu wake. Dawa ilikuwa inauzwa mnadani kwenye chupa za soda, haina karatasi wala maelezo. Watu waliiogopa. Baba hakuiogopa, kwa sababu alikuwa ameona dawa tangu enzi za chama. Kwa hiyo wakaanza kumwita. Karani, njoo unipulizie. Karani, mke wangu ni mjamzito, njoo wewe. Alikwenda, na mimi nilikwenda naye. Tulipuliza mashamba yetu na ya watu.

Ninasema kupuliza, lakini bila bomba hupulizi. Unachanganya dawa kwenye ndoo, unachovya fagio la nyasi, unatembea katikati ya mistari ukilitikisa juu ya pamba, kulia na kushoto. Nusu inaangukia majani, nusu inakurudia. Shati linaloa na kukaukia mwilini. Mate yanajaa mdomoni, macho yanakuwa madogo kama unatazama jua. Ukifika mwisho wa shamba unakaa kidogo, kichwa kinapoa, unaanza mstari mwingine.

Baba alikuwa na kanuni moja. Hupulizi bila kunywa maziwa. Kikombe kizima, mabichi, kabla jua halijapanda. Si yeye peke yake, kila mtu kwetu aliamini hivyo. Maziwa yanalala tumboni, sumu ikija inakuta nafasi imejaa. Tulipokuwa na ng'ombe tulikunywa ya kwetu. Ng'ombe walipoisha, mayu, yaani mama yangu, alikuwa akienda kuomba kwa majirani, na nao ng'ombe wao walikuwa wanaisha. Akipata kikombe kimoja alitugawia mimi na baba. Akikosa, tulikwenda hivyo hivyo, baba akiwa na wasiwasi usoni kama mtu aliyetoka nyumbani bila viatu.

Mikono ndiyo ilianza. Kikombe cha chai kilikuwa kinamwagika kabla hakijafika mdomoni, na baba alikuwa anakilaumu kikombe. Kisha usingizi ukakatika. Kisha alianza kulia. Hakulia kama mtu anayelia. Machozi yalitoka tu, uso ukiwa pale pale, akiwa anakula au anamenya kiazi. Mara ya kwanza nilidhani ni moshi.

"Ni maziwa," alisema. "Msimu huu nimepuliza sana bila maziwa."

"Basi acha kupuliza," mayu alimjibu.

"Niache tule nini? Tafuta maziwa, mke wangu. Hata ya mbuzi."

Mayu akatafuta ya mbuzi. Baba akanywa, akaenda kupuliza. Aliporudi alishindwa kufungua vifungo vya shati. Nilimfungulia mimi.

Tulikubaliana kuficha. Sikumbuki kama kuna siku tulikaa tukakubaliana, nadhani tulijikuta tu tunaficha. Kwetu mtu anayetetemeka na kulia ovyo ana maelezo mawili. Amelogwa, au amerukwa na akili. Akiwa amelogwa, watu wanaanza kutafuta aliyemloga, na mji unaingia moto. Akiwa amerukwa na akili, hakuna atakayeoa wala kuolewa katika nyumba hiyo. Kwa hiyo baba akawa anakaa ndani mchana, na aliyemuuliza aliambiwa amekwenda Sola kwa wakwe zake. Mayu alizaliwa Sola, ilikuwa rahisi kuamini.

Ndipo bibi wa jirani akafa. Filimbi ilipigwa asubuhi. Baba alikuwa amekaa kitandani, mikono ameikalia, ili isionekane. Alinitazama, nikachukua jembe nikaenda mimi. Nilichimba sana. Nilichimba hata zamu ambazo hazikuwa zangu. Wazee wa kitongoji waliita nyumba moja moja, mwenye nyumba akaitika. Walipofika kwetu nilisema, "Yuko Sola." Wakapita.

Kaburi la pili lilikuwa la mama mmoja aliyefia kwenye uzazi, upande wa mbugani. Nikasema tena yuko Sola. Safari hii hawakupita haraka.

Jioni yake nsumba ntale alikuja nyumbani. Nsumba ntale ndiye kiongozi wa vijana na kazi zote za pamoja, kulima, kujenga, kuchimba. Wetu alikuwa mtu mnene, mtani, aliyeweza kukuchekesha huku anakutoza faini. Alisimama uani, hakukaa alipokaribishwa.

"Mwangaluka, mayu," alimsalimu mama kwa utani, maana hiyo ni salamu ya asubuhi na jua lilikuwa linazama.

"Umelala mpaka sasa hivi?" mayu alijibu.

"Nimechimba mpaka nimesahau saa. Karani yupo?"

"Hayupo. Yuko Sola."

"Sola kuna nini kila siku? Wakwe wamelima pamba ya kupimwa mwaka mzima?"

Mayu akacheka kidogo. Hapo baba akakohoa ndani. Alijitahidi kuzuia, ndiyo maana kikohozi kilitoka vibaya, kama mtu amekabwa.

Nsumba ntale aliutazama mlango. Kicheko kilimwisha usoni.

"Basi huyo atakuwa mkwe amekuja kutembea," alisema. "Mwambieni mkwe tunamsalimu."

Akaondoka bila kuaga.

Kuanzia hapo mambo yalibadilika bila mtu kutuambia. Mayu akifika kisimani, wanawake waliokuwa wanasimulia walinyamaza, wakajaza ndoo zao wakiwa wameinama. Asubuhi alimtuma mdogo wangu wa kike kuomba kaa la moto kwa jirani, akarudi na kigae kitupu. "Wamesema moto wao umezimika." Moshi wa nyumba hiyo tulikuwa tunauona. Niliombwa nisiende kulima na kikundi kwa sababu jembe langu eti halina mpini mzuri. Lilikuwa na mpini ule ule wa siku zote.

Mayu alianza kwenda kisimani saa ya jua kali, wakati hakuna mtu. Akaanza kuumwa tumbo. Alikuwa anaweka ugali mbele yetu na kukaa pembeni, anasema ameshashiba harufu. Alikonda shingo. Mimi sikuumwa kitu. Nilikuwa ninaamka, ninafanya kazi, ninalala, na katikati hakuna kilichonigusa. Ndama wa mtu angevunjika mguu mbele yangu, ningeendelea kutembea. Nilidhani huo ndio utu uzima.

Tukaitwa kwenye kikao. Aliyeitwa ni baba, lakini mayu alinivalisha shati safi akaniambia nenda wewe, wewe umesoma. Nilimwambia siwezi. Akasema, "Hata mimi siwezi," akaingia ndani.

Kikao kilikuwa uani kwa mzee mmoja, watu wamekaa kwenye vigoda na magogo. Nilisimama katikati. Mzee aliuliza baba yuko wapi, mimi nikatazama miguu yake. Alikuwa amevaa kandambili za matairi.

"Kijana, umeletwa uongee au umeletwa tukutazame?" aliuliza nsumba ntale.

Watu wakacheka.

"Muacheni," alisema mwingine nyuma, "amemeza ulimi pamoja na michembe ya viazi."

"Michembe wanayo? Mimi nilidhani kwa karani wanakula mizani."

Wakacheka tena. Haikuwa chuki yote. Wengi wao baba alikuwa amewapimia pamba miaka yote na walikuwa wamemsubiri siku nyingi kwenye foleni kwa jua. Kulikuwa na raha kidogo ya kumwita na yeye.

"Baba anaumwa," nilisema.

"Anaumwa nini?"

"Mikono."

"Mikono!" Nsumba ntale alinyoosha yake, ina malengelenge. "Hii nayo inauma. Imechimba makaburi mawili. Ya karani imeumizwa na nini, na usingizi?"

Nilitaka kusema hana usingizi. Nilitaka kusema analia, anatetemeka, hawezi kufunga vifungo. Maneno yalikuwepo, niliyaona yote yamejipanga. Kilichotoka ni pumzi. Nilisimama hapo mpaka kicheko kikaisha chenyewe na watu wakaanza kutazamana. Kimya hicho ndicho kilikuwa kibaya. Kwenye kicheko walikuwa bado wanatutania, na humtanii mtu usiyemtaka.

Mzee mwenye mji akasema polepole, "Ng'wanawane, mwanangu, sikiliza. Nenda kamwambie baba yako. Atatutolea mbuzi mmoja tumchinje kwa makaburi mawili, hilo ni dogo. Kubwa ni hili. Filimbi ikilia tena, tumwone yeye mwenyewe, kwa macho. Tusipomwona, nyumba yenu tumeiacha. Na wanaosema maneno mengine sitawafunga midomo."

Nilifikisha ujumbe kama ulivyo. Baba aliusikiliza akiwa amegeukia ukuta.

Siku ya tatu baba mdogo alikuja na baiskeli, akataka ampeleke baba kwa nfumu, mganga anayesifika upande wa Meatu. Mayu alikataa. Alisema kwa nfumu atatajwa mtu, na ataletwa mtu aliyetajwa, na sisi ndio tutakuwa tumemtaja. "Mpelekeni hospitali, hospitali hawataji jirani." Tukampakia baba kwenye baiskeli, mimi nikashika nyuma, tukaenda Bariadi.

Hospitali siku hizo ilikuwa imeanza utaratibu wa kuchangia. Ulikuwa unalipa dirishani kwanza, ndipo unakaa kwenye benchi. Benchi lilikuwa limejaa watu wa pamba, nilijua kwa kucha zao. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sweta, ingawa kulikuwa na joto. Alimwambia baba ambane vidole vyake kwa nguvu zake zote. Baba akabana. Daktari hakusema kama amebanwa au la.

"Unafanya kazi gani, mzee wangu?"

"Karani," baba alisema.

Nilimtazama. Baba mdogo alitazama dari.

"Karani wa wapi?"

"Wa mizani."

Daktari akanigeukia mimi. "Sasa hivi anafanya nini?"

"Anapuliza pamba," nilisema. Hapo niliweza. Sijui kwa nini niliweza kwa mgeni.

Aliuliza tunapuliza kwa kutumia nini, nikamweleza ndoo na fagio. Aliuliza tunavaa nguo gani. Aliuliza kama analala, kama anakula, kama analia. Kwenye kulia nilitikisa kichwa kukubali, na baba aliniona nikikubali.

"Lakini ni maziwa, daktari," baba alisema haraka. "Nilikuwa napuliza bila maziwa. Ng'ombe wakipatikana nitapona."

"Maziwa ni chakula tu," daktari alisema. Hakumcheka. Aliweka vidole viwili juu ya mkono wa baba, chini kidogo ya kiwiko. "Sumu hii haipiti mdomoni peke yake. Inapita hapa. Kwenye ngozi. Ungekunywa maziwa ndoo nzima, ingepita."

Baba aliuvuta mkono wake na kuufunika kwa mwingine, kama amevuliwa nguo. Sijui alikuwa anafikiria nini. Mimi nilikuwa nafikiria vikombe vyote tulivyokunywa, na mayu akizunguka alfajiri na kibuyu kuomba.

Daktari alisema mambo mawili. Asiguse tena dawa ya pamba, asiingie shamba lililopulizwa, akirudia itamharibu zaidi na hakuna sindano ya kuirudisha nyuma. Na la pili, asikae peke yake. "Akikaa peke yake moyo wake utaendelea kushuka. Awe na watu. Aongee na wenzake." Akaandika dawa za usingizi, tukanunua nusu yake kwenye duka la nje.

Njiani nilikuwa nasukuma baiskeli nikiyapanga mambo hayo mawili. Asiende kwenye pamba, na awe na watu. Watu wote tuliowajua walikuwa kwenye pamba.

Nilimwambia baba, "Turuhusu tuwaambie wazee. Daktari amesema si kulogwa. Ni sumu."

"Usiseme."

"Wanasema wewe ni mchawi."

"Waseme," alisema baba. "Mchawi anaogopwa. Mtu wa kutetemeka anahurumiwa na watoto."

Mayu alipoambiwa maneno hayo jioni alikuwa anapembua mpunga. Hakuacha kupembua. "Mchawi anaogopwa yeye," alisema. "Mke wake na watoto wake wanaachwa. Ulipopiga hesabu yako, karani, sisi umetuweka upande gani wa mizani?"

Machozi yalimtoka baba, lakini yalikuwa yanamtoka kila siku, hukuweza kujua kama ni jibu.

Filimbi ililia kabla wiki haijaisha. Alikuwa amekufa mzee wa upande wa magharibi, aliyeumwa muda mrefu, kila mtu alikuwa anamtarajia. Mayu alitoa jembe akaliegemeza mlangoni, akaenda jikoni. Mimi nilichukua sururu nikasimama uani. Sikumwita. Nilisikia kitanda kikilia, kisha akatoka. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo vya katikati tu. Alichukua lile jembe akaliweka begani, likawa linagonga shingo yake kidogo kidogo kila hatua.

Tulipofika watu waligeuka. Baba alisalimia, wakaitikia. Hakuna aliyesema habari za Sola. Udongo wa pale ni wa mbuga, mweusi, wakati wa kiangazi unapasuka na kuwa kama tofali. Wachimbaji walikuwa wameshafika magotini. Walipoita nyumba yetu, baba aliitika mwenyewe, "Ndiyo," kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu ghala lifungwe. Akaingia shimoni na kunyoosha mkono apewe sururu. Nilimpa ya kwangu.

Aliinua. Ilipofika juu ya kichwa ilianza kucheza, akaishusha, ikapiga ukingo, udongo uliokuwa umeshatolewa ukarudi ndani. Akainua tena. Ikapiga pale pale. Mtu mmoja alicheka, akaacha. Mara ya tatu ilipita kando ya mguu wake na kuchana ngozi ya muundi. Damu ilishuka taratibu mpaka kwenye unyayo. Hakuitazama. Alikuwa anainua tena, na uso wake umelowa, na mikono yake ilikuwa inaonekana na watu wote, kuanzia wazee mpaka watoto waliokuwa wamepanda juu ya kichuguu.

Nsumba ntale alikuwa amefungua mdomo kusema neno la utani. Niliuona mdomo ukifunguka. Aliufunga. Akarukia shimoni na unene wake, akaushika mpini.

"Karani, niachie."

"Zamu yangu haijaisha."

"Imeisha."

"Haijaisha. Hata nusu haijafika. Mnanipunja."

"Hakuna anayekupunja, ndugu yangu. Niachie."

Walivutana. Haikuwa kwa nguvu, nsumba ntale angeweza kumnyang'anya kwa mkono mmoja. Alikuwa anasubiri. Mayu alikuwa upande wa wanawake, amejifunga kanga kichwani, hakusogea. Niliingia shimoni na mimi, tukawa watatu tumebanana. Niliweka mkono wangu juu ya vidole vya baba nikaanza kuvitoa kimoja kimoja kwenye mpini. Ndipo nikasema. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini kulikuwa na kimya, wakasikia wote.

"Ni dawa ya pamba. Mikono yake imeharibiwa na dawa ya pamba. Hospitali wamesema. Hajalogwa, wala hajaloga mtu."

Baba aliachia. Watu wawili walimvuta juu kwa kwapa. Mmoja wao nilimjua, tulimpulizia shamba lake lote msimu ule, na mke wake alikuwa mjamzito. Aliinama akamfuta baba damu ya mguu kwa ncha ya shuka lake. Wakampeleka kukaa chini ya upenu, wanapokaa wazee wenye mvi ambao hawachimbi tena. Baba hakuwa na mvi hata moja. Wakamsogezea kigoda. Mzee aliyekuwa pembeni yake alimpa ugoro, akaupokea, ukamwagika wote kwenye suruali, yule mzee akamwekea mwingine kiganjani.

Tukamaliza kaburi. Nilichimba zamu yetu.

Kesho yake asubuhi mdogo wangu alirudi na moto. Mbuzi hakuchinjwa, walisema wamesamehe. Wanawake walimsubiri mayu kisimani wakamtwisha ndoo, na baada ya siku chache alikula. Nsumba ntale alikuja mwenyewe kuniambia nirudi kwenye kikundi. Kisha akanivuta pembeni na kusema kama ananipa zawadi, "Filimbi ikilia, ingia wewe kwa zamu ya nyumba yenu. Tumekubaliana. Tutaihesabu, hata kama hujaoa."

Nilisema asante.

Hakuna aliyemwita tena baba mchawi. Hakuna aliyemwita kwa lolote. Wakipita njiani walimsalimia kwa ile sauti ya kuongea na mgonjwa, juu kidogo na polepole, "Mhola, karani? Umeamka?" wakapita bila kungoja aitikie. Msimu uliofuata hatukulima pamba, tulipanda mpunga mbugani na dengu. Waliokuwa wanamwita kupuliza walimtafuta mtu mwingine, kijana wa upande wa Mwandoya, anapuliza kwa fagio vile vile, anakunywa maziwa. Nilimweleza alichosema daktari kuhusu ngozi. Alinisikiliza vizuri, akaniuliza kama ninajua mwenye ng'ombe wa maziwa karibu.

Mikono ya baba ilipungua kutetemeka kidogo. Usingizi ulirudi kiasi. Kulia hakukuisha. Mchana anakaa upande wa kivuli, kivuli kikihama anahama nacho.

Majuzi filimbi ililia, nikaenda. Niliporudi jioni nilimkuta amekaa mlangoni. Aliitazama miguu yangu.

"Udongo ulikuwaje?"

"Mgumu juu. Chini laini."

"Mmeshuka mpaka wapi?"

Nikaweka mkono kifuani kumwonyesha. Akatazama mkono wangu ulipo.

"Inatosha," alisema.

Nikaenda kunawa.